MOMBASA YA NG'AMBO: VIVUTIO TUNAVYOVIPITA KILA SIKU

Mwaka huu nimeonelea nisiandike kisa cha ajali barabarani wala cha harusi iliyofana, maana hivyo tumevizoea. Nataka nikueleze habari za mji wetu wenyewe. Lakini sina budi kuanza na aibu iliyonipata, kwani pasi na aibu hiyo makala haya hayangekuwako.

Likizo ya Agosti iliyopita, binamu yangu alikuja kututembelea kutoka Nakuru. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona bahari. Mimi nikajitia umwenyeji. Nikampeleka Fort Jesus, nikampeleka kwenye Pembe za Ndovu pale Moi Avenue akapigwa picha, kisha tukateremkia ufuoni Nyali. Tulirudi nyumbani Mjambere jua likitua, nauli imeisha na miguu imechoka. Asubuhi yake akaniuliza, "Na huku munakokaa nyinyi, kuna nini cha kuona?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Huku? Huku hakuna kitu. Ni nyumba tu na vumbi."

Babu alikuwa amekaa kibarazani akinywa kahawa yake. Akacheka mpaka akakohoa. "Ati hakuna kitu! Ewe mjukuu wangu, Kengeleni wapita kila uchao na matatu. Kengele yenyewe waijua?"

Nikanyamaza.

"Ililetwa kwa sababu gani? Ikipigwa, ni nani alokimbia?"

Nikazidi kunyamaza. Binamu yangu akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Babu akaweka kikombe chini akasema, "Mato unayo mwanangu, lakini hutizami."

Tangu siku hiyo nimewauliza wazee na walimu, nimeingia maktaba, na zaidi ya yote nimetembea kwa miguu yangu. Haya ninayokuandikia ndiyo niliyoyapata.

KISIWA NA NG'AMBO ZAKE

Kwanza tuelewane. Mtu akitaja Mombasa, wengi huwaza kisiwa. Lakini Kaunti ya Mombasa ina kisiwa na ng'ambo zake tatu. Upande wa kaskazini, ukivuka daraja la Nyali, kuna Nyali na Kisauni. Upande wa magharibi, ukipita Makupa, kuna Changamwe na Jomvu. Upande wa kusini, ukivuka kwa feri, kuna Likoni. Maelfu yetu tunalala ng'ambo na kuvuka asubuhi kwenda kutafuta riziki au elimu, kisha jioni tunavuka tena kurudi.

Mgeni naye ana njia yake. Hushuka uwanja wa ndege ulioko Changamwe, au hushuka garimoshi katika kituo cha Miritini ambacho kilifunguliwa mwaka 2017. Huingia kisiwani akaiona Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, ambayo mwaka 2011 iliandikwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia. Kisha huvuka tena kwenda hotelini ufuoni. Ukitazama vizuri utaona kwamba mgeni huyu amepita ng'ambo zetu mara mbili au tatu, lakini hakusimama hata mara moja.

Sisemi Fort Jesus isitembelewe, la hasha. Ile ni fahari yetu. Nasema tu kwamba mji si jengo moja. Hata huko Ulaya ndivyo ilivyo. Mgeni wa London hukimbilia saa kubwa ya Big Ben na kasri la malkia na wafalme, lakini mwenye kutaka kuujua mji huambiwa aende Brixton wanakokaa watu wenye asili ya visiwa vya Karibi, au Southall wanakokaa watu wenye asili ya Kihindi. Mgeni wa Lisbon, mji mkuu wa hao hao Wareno waliotujengea ngome, huambiwa apande vichochoro vya Alfama kwa miguu. Wenzetu hao wamejua kwamba vichochoro navyo ni mali. Je, sisi?

KISAUNI NA NYALI: KENGELE, KABURI NA MACHIMBO

Tuanze na ile kengele iliyonitia haya. Mwaka 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mjumbe wa Waingereza aliyetumwa kuzungumzia jambo hilo aliitwa Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza zikawa zinakamata majahazi yaliyobeba watumwa. Lakini ukishamkomboa mtu aliyetolewa Nyasa au Uyao, utampeleka wapi? Kwao ni mbali, na njiani wawindaji wa watu wangali wapo. Ndipo wamishonari wa CMS, wakiongozwa na Kasisi W. S. Price, wakanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa na kuanzisha kijiji mwaka 1875. Kijiji kikaitwa Frere Town kwa jina la yule mjumbe.

Kengele iliwekwa hapo. Wazee husema ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu hatari inapokaribia, yaani wafanyabiashara ya watumwa wakija kutaka kuwanyakua tena waliokwisha kombolewa. Mnara wake ungalipo hadi leo kando ya barabara, na mtaa ukapata jina la Kengeleni. Basi kila siku makanga anapoita, "Kengeleni shuka! Kengeleni!" anataja habari hiyo bila kujua.

Waliojenga Frere Town hawakuwa watumwa waliokombolewa baharini pekee. Walikuwako pia Waafrika waliokuwa wamekombolewa zamani na kupelekwa India, wakasomeshwa huko Nasik karibu na Bombay, kisha wakarudishwa Afrika kuwa walimu na mafundi. Mmoja wao, William Jones, alifuatana na Askofu Hannington katika safari ya mwaka 1885 ya kwenda Uganda, safari ambayo askofu aliuawa Busoga. Hapo Frere Town palikuwa na chuo cha kufundishia wachungaji, na chuo hicho ndicho kilichohamia Limuru mwaka 1930. Leo kimekuwa chuo kikuu cha St. Paul's.

Kwetu sisi wapenzi wa Kiswahili, Frere Town ina jambo jingine. James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, aliandika kitabu kwa Kiswahili kiitwacho Uhuru wa Watumwa kikachapishwa mwaka 1934. Na yule mtangazaji mashuhuri Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025 na ambaye wazazi wetu wanamkumbuka kwa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, alizaliwa hapo hapo Frere Town mwaka 1940. Basi mtaa unaodharauliwa umetoa mwandishi na umetoa sauti iliyosikika nchi nzima.

Ukitoka hapo uelekee baharini upande wa Mkomani, karibu na English Point, utakuta kaburi la Rosina, mkewe Johann Ludwig Krapf. Krapf alikuwa mmishonari Mjerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe akiwa mja mzito. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosina akajifungua mtoto wa kike, homa ikamshika, akafa. Mtoto naye akamfuata mamake siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa taabani kwa homa hiyo hiyo. Mwaka 1846 alihamia Rabai pamoja na mwenzake Rebmann.

Mtu mwingine angefunga virago arudi kwao. Yeye alikaa akajifunza lugha yetu kwa wenyeji, akaandika sarufi ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1850, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kamusi ile imejaa Kimvita, lugha ya mabibi zetu, kwa sababu iliandikwa kutoka vinywani mwa watu wa hapa. Baadaye, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo mwalimu anapotusahihisha "ndoo" iwe "njoo", tusione kwamba bibi zetu walikosea. Walisema lugha iliyoandikwa kamusi kabla sanifu haijakuwako.

Halafu kuna Kongowea. Sisi twaijua kama soko la jumla la nyanya, viazi na matunda, ambako malori huingia usiku na mapema. Lakini Kongowea ni jina la kale la Mombasa yenyewe, na washairi wa zamani waliuita mji kwa jina hilo. Pita hapo alfajiri uone mabiwi ya maembe na mbata, usikie Kimvita, Kigiriama, Kikamba, Kikikuyu na Kimeru vikipatana bei. Hiyo nayo ni maonyesho, tena ya bure.

Mbele zaidi kwa barabara ya Malindi ni Bombolulu, kuna karakana iliyoanzishwa mwaka 1969 ambako watu wenye ulemavu hutengeneza mapambo, mikoba na samani. Mbele ya hapo ni Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kutoa saruji hapo mwaka 1954, na mawe ya matumbawe yakachimbwa mpaka pakabaki shimo jeupe kama mfupa, lisilo na udongo wala jani. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikasalimika tatu tu, na mmoja wa miti hiyo ni mvinje. Lakini majani ya mvinje yakianguka hayaozi upesi. Dawa yake ikawa jongoo, huyu huyu tunayemkanyaga tukienda msalani. Majongoo walikula majani makavu, kinyesi chao kikawa udongo, udongo ukaotesha miti mingine, ndege wakaja. Leo ni msitu wenye twiga na viboko, unaoitwa Haller Park. Hapo ndipo kiboko mdogo Owen, aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipofanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Somo la biolojia gani litapita hilo?

CHANGAMWE NA JOMVU: RELI, NYUNDO NA WENYE MJI

Watu wengi wakisikia Changamwe hufikiria malori, moshi na msongamano. Ni kweli yapo. Lakini subiri kidogo.

Waswahili wa Mombasa hujiita Thenashara Taifa, maana yake mataifa kumi na mawili. Yamegawanyika mafungu mawili: Thelatha Taifa, yaani matatu, ambayo ni Kilindini, Changamwe na Tangana, na Tisa Taifa, ambayo miongoni mwao wamo Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa na Wakilifi. Umeona? Changamwe na Jomvu si majina ya vituo vya matatu tu. Ni majina ya watu na miji yao ya asili. Ukienda Jomvu Kuu utakuta wazee wanaosema Kijomvu, lahaja ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia ijapokuwa iko safari moja tu ya matatu kutoka hapa.

Port Reitz nayo, je? Mwaka 1824 Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa waliomba ulinzi wa Waingereza dhidi ya Sultani wa Omani. Kapteni Owen akakubali, akamwacha kijana mmoja, Luteni Reitz, awe msimamizi. Reitz akafa mwaka huo huo. Ulinzi wenyewe ulikwisha mwaka 1826, lakini jina likabaki majini na mitaani hadi leo.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikapita huku kuelekea bara, na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Reli ndiyo iliyovuta watu wa kila kabila. Kisha kikaja kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Ukizungumza na wazee wa Chaani, Magongo na Mikindani watakueleza kuhusu king'ora, zamu za usiku na vyama vya wafanyakazi. Hiyo ni historia ambayo haijaandikwa ukutani popote. Imo vifuani mwa watu.

Kivutio ninachokipenda zaidi huku ni wachongaji. Kuna chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, na ukifika utawakuta wamekaa safu kwa safu chini ya vibanda, tezo zinalia ko! ko! ko!, vumbi la mti limewafunika nyusi. Inasimuliwa kwamba ufundi huu wa kuchonga vinyago vya kuuza ulianzishwa Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Twiga na vifaru tunavyoviona vikiuzwa ufuoni kwa watalii, vingi hutoka mikononi mwa watu kama hawa. Mtalii hununua kinyago hotelini kwa bei ya kuruka, ilhali aliyekichonga yuko umbali wa nauli ya tuktuk tu.

Usisahau kutazama Makupa unapovuka. Zamani barabara ya Makupa ilikuwa tuta la udongo na mawe lililokata bahari, maji ya upande wa Tudor yasiweze kuonana na ya upande wa Port Reitz. Mwaka 2022 daraja jipya lilifunguliwa, maji yakapata njia. Hapo karibu ni Kibarani, tuliyokuwa tukiipita tumeziba pua kwa sababu ya jaa la taka. Siku hizi pamesafishwa na kupandwa miti na nyasi. Basi hata jaa laweza kugeuka bustani watu wakiamua.

LIKONI: FERI NA MACHOZI YAKE

Neno "liko" kwa Kimvita ni mahali vyombo vinapofunga na watu hupanda na kushuka. Likoni basi ni mahali pa kuvukia, na jina hilo halijaongopa. Huduma ya feri ilianza mwaka 1937 na hadi leo watembeao kwa miguu huvuka bila malipo. Mgeni huvuka kwa dakika chache akitazama meli kubwa zikiingia Kilindini, na Kilindini maana yake ni penye kilindi, maji marefu. Kwake feri ni burudani. Kwa mtu wa Likoni feri ni maisha. Ikichelewa, mtoto amekosa mtihani, mama amekosa kibarua, mgonjwa amekosa daktari.

Tena feri ni msiba. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe iliyojaa watu kupita kiasi ilipinduka alfajiri ikitoka Mtongwe, karibu kabisa na ufuo. Watu 272 wakafa, wengi wao wakienda kazini. Mama mmoja muuza mahamri huko Likoni aliniambia, "Mwanangu, wiki ile kila nyumba kulikuwa na matanga. Hata usingeuliza ni kwa nani, ungeingia tu." Mimi niliandika insha mara ngapi kuhusu "ajali mbaya niliyoishuhudia", zote za kubuni, na hii ya kweli sikuijua mpaka nilipokwenda kwa miguu.

Mtongwe ina mambo ya kale kushinda hayo. Miaka ya 1980 watafiti kutoka Japani walichimba huko wakapata zana za mawe zilizotumiwa na binadamu wa zama za mawe. Kabla ya Wareno, kabla ya Mazrui, kabla ya jina Mombasa, watu walikuwako Likoni wakichonga mawe yao. Halafu mtu huniambia ng'ambo hakuna historia!

Ukitaka kupumzika, ufuo wa Shelly uko karibu na kivuko, na jioni ukipita Timbwani au Ujamaa utanunua viazi vya karai, mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, na dafu. Kuna mtaa pia uitwao Shika Adabu. Ni nani asiyetaka kumwambia rafiki yake wa Nairobi kwamba amepita Shika Adabu na akashika?

KWA NINI HATUVIJUI?

Nimejiuliza swali hili sana, na nimepata sababu nne.

Kwanza, hakuna mtu wa kutuonyesha. Wanaotembeza wageni hufuata njia ya hoteli, kwa sababu huko ndiko kwenye pesa za haraka.

Pili, mahali pengi hapana hata kibao cha kueleza palitokea nini. Mtu atajuaje?

Tatu, sisi wenyewe tumefundishwa kwamba kizuri kiko mbali. Tunajua mito ya Ulaya na maziwa ya Marekani kwa mtihani, lakini hatujui ghuba ya Tudor inayopakana na Mishomoroni ina mikoko ya aina gani na inalinda nini. Mikoko huzuia ardhi isimomonyoke, na samaki na kaa wadogo hulelewa katika mizizi yake. Ikikatwa yote kwa ajili ya kuni na nguzo, wavuvi wetu watavua nini?

Nne, na hii ndiyo inayoniuma, ni jina baya. Likoni ilitajwa dunia nzima mwaka 1997 kwa sababu ya machafuko yaliyoua watu na kuwafukuza wengine. Kisauni hutajwa redioni vijana wenye visu wanapovamia watu. Ni kweli mambo hayo yalitokea na hayafai kufichwa. Lakini mtaa ukitajwa kwa uovu peke yake, watoto wake huanza kuamini kwamba wao ni waovu. Nina rafiki ambaye akiulizwa kisiwani anakaa wapi, husema "Nyali", kumbe ni jirani yangu wa Mjambere, tunachota maji kisima kimoja. Mimi pia nimewahi kufanya hivyo. Tunaona haya kwa kosa gani?

Na kuna hasara nyingine zaidi ya haya. Mahali pasipojulikana ni rahisi kunyakuliwa. Mtu akitaka kujenga juu ya makaburi ya kale au kufyeka mikoko, hukuta hakuna anayejua pana nini, na kwa hivyo hakuna anayepinga. Nchi yetu ina Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, ambayo inaruhusu mahali pa historia patangazwe rasmi na kulindwa. Lakini sheria haiwezi kulinda kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Kukijua kitu ndio mwanzo wa kukilinda.

UKITAKA KWENDA

Ikiwa nimekutia hamu, yafuate haya machache:

1. Nenda mchana, tena mkiwa wawili au watatu, na mmoja awe mwenyeji wa mtaa huo.
2. Piga hodi. Kanisa, msikiti, makaburi na mji wa wazee vina wenyewe. Salimu kwanza, "Shikamoo" haikugharimu kitu, kisha ueleze umekuja kwa nini.
3. Vaa mavazi ya heshima. Mtaani si ufuoni.
4. Uliza kabla ya kupiga picha ya mtu. Na huko Mtongwe kuna kambi ya jeshi la wanamaji, kwa hivyo simu ikae mfukoni.
5. Usiandike jina lako ukutani na usiokote kombe wala jiwe la kale kupeleka nyumbani.
6. Nunua kitu kwa mwenyeji, hata kama ni kashata. Mtaa ukinufaika kwa wageni, utavitunza vivutio vyake.
7. Beba daftari. Mzee akisema, andika. Mzee akifa, maktaba imeungua.

TUFANYE NINI?

Ninalo ombi kwa Chama chetu cha Kiswahili na kwa walimu wetu wapendwa. Kila mwanachama achague mtaa wake: Mjambere, Junda, Mtopanga, Chaani, Bofu, popote pale. Amtafute mzee mmoja amuulize mambo matatu: jina la mtaa lilitoka wapi, ni kitu gani cha zamani kilichobaki, na ni kitu gani kilichopotea mbele ya macho yake. Tuyakusanye majibu katika daftari moja likae maktaba. Haihitaji fedha, yahitaji masikio tu. Baada ya miaka michache tutakuwa na kitabu ambacho hakiuzwi dukani, na pengine mmoja wetu atapata kazi ya kuwatembeza wageni kwa maarifa ya kweli badala ya kuwakimbiza ufuoni na vinyago.

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Fort Jesus ni msala mzuri, tena wa thamani, lakini tunaoulalia ni huu mbachao wetu wa ng'ambo.

Kabla binamu yangu hajarudi Nakuru, tulikwenda Kengeleni sote watatu, Babu akitangulia na bakora yake. Tulisimama mbele ya mnara ule wa kengele magari yakitupigia honi. Babu akasema, "Hapa ndipo mtu aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba hatauzwa tena." Hakuna aliyesema neno. Binamu yangu alitoa simu akapiga picha moja tu, na aliponitumia baadaye aliniandikia kwamba katika picha zote alizopiga Mombasa, hiyo ndiyo aliyomwonyesha mwalimu wao wa historia.

Na mimi? Juzi nilikuwa kisiwani, mtu akaniuliza, "Wewe wakaa wapi?" Nikamwambia, "Nakaa Mjambere, Kisauni. Karibu siku moja nikutembeze."